Sindano ya Mkwe

Siku Mzee Khaemba alipoambiwa avue suruali, benchi la wagonjwa lilikuwa na watu kumi na wanne na mlango wa dresa, mhudumu wa kuchoma sindano, ulikuwa wazi. Binti yake Truphosa, aliyekuwa amemsindikiza, aliinuka haraka akageukia ukuta, akajifanya anasoma tangazo la ndui ambalo alikuwa amekwisha kulisoma mara tatu asubuhi hiyo. Angefanya nini kingine? Kwao Bukusu mtoto wa kike hasikii hata mshipi wa baba yake ukifunguliwa. Mshipi aliusikia. Na sauti ya dresa aliisikia vilevile, kwa sababu Khisa hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Mzee mzima kama wewe," Khisa alisema, sauti ikafika hadi kwenye dirisha la kupokelea dawa, "hii kitu umeitoa wapi? Ama ni kwa wale mama wa pombe ya busaa?"

Benchi lilicheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, kilikuwa kile cha kufunika mdomo kwa kiganja, ambacho huuma zaidi. Mzee Khaemba alitoka akiwa amevaa kofia yake ya reli na vifungo vyote vya koti vimefungwa. Akampita binti yake bila kumtazama, akashika njia ya landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Truphosa alimfuata hatua kumi nyuma, na hakuna aliyejaribu kuzipunguza hizo hatua mpaka walipofika mlangoni.

Kilichomkera Truphosa kupita yote ni kwamba Khisa alikuwa mtu wao, mzaliwa wa Kimilili. Hospitali nzima ya Nakuru imejaa Wakipsigis, Wakikuyu, Wajaluo na Wahindi, na dresa wa kumpokea baba yake awe ni yule mmoja anayejua habari hiyo aipeleke kwa nani. Na aliipeleka. Kesho yake mchana wanawake wa landi walikuwa wakiijadili kwenye mfereji wa maji, na mama yake, Nekoye, alikuwa amesimama katikati yao na ndoo yake.

Nekoye alikuwa mama wa Friends, wa kanisa la watu wasiopiga kelele hata wakiomba. Hakugombana. Alirudi nyumbani na maji yake, akapika, akampakulia mzee, akaosha vyombo. Kisha akachukua blanketi lake akalihamishia upande wa pili wa pazia. Nyumba ya landi ni chumba kimoja na pazia, kwa hiyo hakuhamia mbali, lakini alihama.

*

Uvimbe wenyewe ulianza na mvua za masika. Upande wa kulia ulijaa polepole, bila maumivu, ukawa mzito tu, mpaka mzee akawa anatembea kama mtu aliyebeba kitu mfukoni na hataki kionekane. Daktari Penfold, Mzungu mrefu aliyekuwa na wodi tatu na mikono miwili, aliangalia mara moja akasema mabusha. Akachoma bomba la kutolea maji. Maji hayakutoka, yalitoka matone mawili ya damu. Basi akabadili akasema ni ugonjwa wa wanawake, yaani wa zinaa, akaandika sindano za penisilini siku ishirini na moja. Hapo ndipo Khisa alipopata la kusema.

Siku ishirini na moja Mzee Khaemba alitoka landi asubuhi na mapema, akapanda hadi hospitali, akachomwa, akarudi kazini kulinda shedi ya injini. Siku ya ishirini na mbili uvimbe ulikuwa umeongezeka. Daktari akasema basi sasa tukate. Mzee akauliza wakate kwa sababu gani, ni ugonjwa gani. Daktari akajibu kwa Kiswahili chake cha shambani, "Mimi hapana jua. Kata kwanza, halafu jua."

"Ni kama kuniambia niuze ng'ombe halafu ndio niambiwe bei," mzee alimwambia Truphosa baadaye, akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba na uso umeelekea relini. "Waniambie jina lake kwanza. Wakinitajia jina, hata kesho wakate. Lakini sitalala juu ya meza ile nikatwe uanaume wangu na watu wanaosema hawajui."

Truphosa alimwelewa na akamkasirikia, yote kwa pamoja. Daktari hawezi kujua mpaka akate, mzee hakatwi mpaka ajue, na huku uvimbe unakula siku. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, na kazi yake ilikuwa kutwa nzima kuwaambia watoto kwamba kila swali lina jibu. Hili alilizungusha kichwani njia nzima kurudi kwake na hakuliona jibu.

Jibu lilikuwa linamsubiri nyumbani, limekaa kwenye kiti limevua viatu.

Mumewe Wasike alikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali ileile. Kabla ya kuletwa Nakuru alikuwa amefanya kazi miaka minne ufukoni mwa ziwa na kikosi cha malale, akichoma watu tezi za shingo. Sindano nyembamba inaingia kwenye tezi, inavuta tone, tone linapakwa kwenye kipande cha kioo, kioo kinawekwa chini ya hadubini, na mdudu wa malale anaonekana akicheza. Mtu hakatwi. Anafuta shingo anaenda zake kuvua samaki. Wasike alimweleza Truphosa hayo akiwa anajikuna kisigino, kama mtu anayesimulia habari za watu wa mbali.

"Na uvimbe wa baba?" Truphosa aliuliza. "Huo hauchomeki?"

"Unachomeka. Ukivuta tone lake, ukalipaka kwenye kioo, utaona chembe. Kama ni usaha utaona usaha. Kama ni TB, kama ni ile nyingine mbaya, kila moja ina chembe zake. Mimi si wa kutoa jina, hiyo ni ya mkubwa wa maabara kuu ya Nairobi. Lakini kioo kinaenda kwa posta."

"Basi kwa nini hujamchoma, miezi yote hii?"

Wasike akaacha kujikuna. Alimtazama mkewe kwa namna ya kumwuliza kama kweli anataka lisemwe. "Truphosa, yule ni baba mkwe."

Likasemwa. Mkwe hamwoni mkwe wake uchi. Ikitokea kwa bahati mbaya, mtoni au wapi, kondoo huchinjwa na watu hukaa miezi hawatazamani. Kumshika kwa mikono, pale mahali, halikuwa jambo la kondoo mmoja. Wasike, mtu aliyekuwa ameona wadudu wa malale maelfu na hakuwa anaogopa kitu chenye kuonekana kwa hadubini, hata kupita mbele ya nyumba ya landi alipita ameinamisha kichwa ikiwa mzee amekaa nje.

*

Njia ilipatikana, na jina lake lilikuwa Kemboi. Kemboi alikuwa dresa wa wodi ya wanaume, kijana wa Molo, hana ukoo na yeyote Ubukusuni. Wasike alimfundisha wiki nzima kwa kuchoma maembe mabichi. Daktari Penfold alipoombwa sahihi kwenye fomu ya kupeleka vioo Nairobi alicheka kidogo, akasema hiyo ni mbinu ya watu wa malale, uvimbe si shingo ya mvuvi. Lakini alitia sahihi. Kutia sahihi hakukumchosha.

Mzee alikubali. Kemboi hakuwa mkwe wa mtu. Jumamosi, saa sita na nusu, maabara ikiwa karibu kufungwa, alilazwa nyuma ya pazia la hospitali, na Wasike akasimama upande wa pili wa pazia akitoa maagizo kwa sauti ya chini. Ingiza. Vuta. Toa polepole. Usivute tena. Kemboi alitoka ametota jasho utadhani yeye ndiye aliyechomwa, na vioo viwili mkononi, kila kimoja kimepakwa ute wa kijivu. Wasike alivikausha, akafunga kila kimoja kipande cha karatasi, akaandika KHAEMBA kwa penseli.

Hapo ndipo alipofanya lile ambalo mtu mwangalifu hulifanya na likamponza. Maabara ile ilikuwa na mende, na mende wa maabara hupenda vioo. Wiki mbili kabla walikuwa wamelamba vioo vya mgonjwa wa Olenguruone vikabaki kama vimetoka dukani. Wasike hakutaka kuviacha Jumapili nzima. Alivichukua nyumbani, akaviweka ndani ya sufuria ndogo jikoni, akaifunika kwa kitambaa, akamwambia Truphosa asiiguse. Truphosa hakuigusa.

Jumapili baada ya ibada Nekoye alikuja kumwona binti yake. Alikuja kama alivyokuja siku zote, Wasike akiwa hayupo, na akakaa jikoni, kwa kuwa mama mkwe haingii vyumba vya mkwe wake. Truphosa aliteremka kuchota maji. Aliporudi alimkuta mama yake amepanga vikombe kwenye sinia, na kando ya vikombe vipande viwili vya kioo, vinang'aa.

Truphosa aliweka ndoo chini. Maji kidogo yakamwagika.

"Mama, hivyo vioo vilikuwa ndani ya sufuria."

"Nimeviosha."

"Umeviosha?"

"Na sabuni. Nimesugua vizuri." Nekoye alivisogeza kidogo vikae sawa na vikombe. "Nilifungua nikupikie uji, nikaona uchafu wa baba yako. Kusoma najua, Truphosa, jina lake limeandikwa pale. Kitu kimetoka mwilini mwa baba yako, mahali kilipotoka hata sitasema, kinakaaje jikoni kwa mkwe? Mahali unapompikia mume wako? Mimi nilikulea hivyo?"

Truphosa alitaka kupiga kelele na hakuweza. Alikuwa na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kuibeba. Mama yake alikuwa amefanya jambo ambalo mwanamke yeyote mwenye adabu, kuanzia Kimilili mpaka mlimani, angelifanya, na angesifiwa. Alijaribu kueleza. Tone lile ndilo lingesema ugonjwa. Lingesema kama ni wa wanawake au si wa wanawake. Nekoye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu kwamba ugonjwa wa wanawake unajulikana na wanawake, hauhitaji kioo, na akaomba maji ya chai.

*

Wasike alirudi jioni akaelezwa. Alivichukua vile vioo safi akavirudisha kazini Jumatatu, na hapo akakuta Kemboi ametumwa Olenguruone kusimamia zahanati, mwezi mzima au zaidi. Madresa wengine walioweza kushika sindano bila kutetemeka walikuwa wawili. Mmoja alikuwa likizo Ndabibi. Wa pili alikuwa Khisa, na jina la Khisa mzee alipotajiwa alitema mate pembeni.

Ikabaki sindano moja, ya mkwe. Mzee Khaemba akasema ikiwa ni hiyo, basi amekwisha pona.

Wiki mbili zikapita hivyo. Truphosa alifundisha kuhesabu mpaka mia huku kichwa chake kiko landi. Mzee alianza kukonda usoni. Juu ya mtulinga, upande wa kushoto wa shingo, kikatokea kitu kama punje ya maharagwe, na alipoulizwa alisema ni jipu. Upande wa pili wa huko chini nao ulianza kujaa, ingawa hilo Truphosa alilijua kwa mwendo wake tu. Alimwomba mjomba azungumze naye. Mjomba alisema hayo ni mambo ya wakwe, hawezi kuyaingilia. Alimwomba mzee wa kanisa, naye akaomba dua ya kimya ya nusu saa, akaondoka.

Ijumaa, darasa lilipofungwa, alikwenda mwenyewe mpaka shedi ya injini. Mzee alikuwa amekaa juu ya mataruma ya reli, rungu limelala kando, anakula muhogo wa baridi. Kwa kawaida angesimama mbali akasubiri aitwe. Siku hiyo alikwenda akasimama mbele yake.

"Baba, nitasema maneno ambayo mtoto wa kike hasemi."

"Basi usiyaseme."

"Nitayasema. Watu wa mfereji wanasema una ugonjwa wa wanawake. Mama anasema hivyohivyo, kwa blanketi lake. Mimi sijui. Daktari hajui. Wewe mwenyewe hujui. Mtu mmoja hapa Nakuru ndiye anaweza kujua, na unamkataa kwa sababu alinioa mimi."

Mzee alimeza alichokuwa anatafuna. Injini ilikuwa inapumua mvuke nyuma yao na ikabidi asubiri itulie. "Alikuoa kwa heshima," akasema. "Hakuja kwangu kama mwizi. Heshima hiyo ndiyo ninamtunzia. Na mama yako alifanya vizuri kuosha."

"Basi ufe nayo," Truphosa akasema. "Ukishakufa na heshima yako, watu wakiniuliza ni nini kilikuua, nitawaambia nini? Nitawaambia sijui? Ama nitanyamaza, wajibiwe na Khisa?"

Alijuta kabla hajamaliza. Hakuna baba anayeambiwa maneno hayo na mtoto aliyemzaa. Alisubiri rungu, alisubiri laana, lakini mzee alikifunga tu kipande cha muhogo kwenye karatasi yake. Truphosa akaondoka akilia njiani mchana kweupe, watu wakimwangalia.

Jumapili, baada ya ibada, mzee alimpitia mlangoni pa kanisa bila kusimama. "Mwambie mtu wako anifunike uso," akasema. "Na Kiswahili. Asinisemeshe kwa lugha yetu."

*

Ilifanywa Jumatatu saa nne, mlango umefungwa kwa komeo. Truphosa aliomba ruhusa shuleni akasimama kwenye ukumbi wa nje, kwa kuwa kusimama karibu zaidi kungekuwa kosa la tatu juu ya makosa mawili, la kuona na la kushika. Alisikia kitanda kikilia. Alisikia shuka likikung'utwa, lile la kufunika uso.

"Vuta pumzi, mzee," Wasike akasema kwa Kiswahili, kama anavyowaambia wagonjwa wote. "Itauma kidogo."

"Ndiyo, daktari," Mzee Khaemba akajibu.

Wasike hakuwa daktari na mzee alijua hakuwa daktari. Miaka saba mzee alikuwa akimwita baba wa wajukuu zangu, au hamwiti kabisa. Truphosa aliuma upindo wa kitambaa chake cha kichwa akabaki hivyo mpaka komeo lilipofunguliwa. Wasike alitoka kwanza, kwa mlango wa nyuma, ili mzee akitoka asimkute.

Safari hii hakungoja mende wala mama mkwe. Aliukausha ute palepale. Vioo viwili akavifunga vya kwenda Nairobi, na cha tatu akakitia rangi yake ya zambarau, akakiweka chini ya hadubini. Jioni hakula. Truphosa alimsukumia sahani mara mbili.

"Umeona nini?"

"Si kazi yangu kusema."

"Wasike. Nimekaa nje ya mlango ule. Umeona nini?"

Akazungumza na sahani. "Usaha hakuna. TB sijaona. Kuna chembe kubwa za duara, zote sura moja, zimejaa kama mtama uliomwagwa. Zile zinazopaswa kuwa kwenye tezi, si kule. Na kule zimekuwa nyingi kupita kiasi." Akasogeza sahani. "Ugonjwa wa wanawake hauko pale, hilo naweza kukuapia. Mengine ngoja Nairobi."

Truphosa alingoja Nairobi. Alingoja siku kumi na moja, akiwa na nusu ya jibu aliyokatazwa kumpa mtu yeyote, na kila siku aliyopita landi alimkuta mama yake ameliweka blanketi upande uleule wa pazia.

*

Daktari Penfold alimwita Truphosa kwa sababu alitaka mtu wa familia anayejua Kiingereza. Karatasi ya Nairobi ilikuwa mezani na alikuwa ameisoma zaidi ya mara moja, ilionekana kwa kingo zake. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, bila kuzungukazunguka, kwamba sindano ile imesema kweli, kwamba yeye asingedhani, na kwamba atamwandikia mkubwa wake kumhusu Wasike. Kisha akaeleza. Ni kansa ya tezi, ila imejitokeza kwenye korodani, kama inavyofanya mara chache kwa wanaume wa umri ule. Ingegunduliwa wakati wa masika ingekuwa jambo lingine. Sasa imefika shingoni na upande wa pili. Atakata, na baada ya hapo mgonjwa apelekwe Nairobi kwenye tiba ya miale, labda itampunguzia. Alirudia neno labda, akainuka kwenda wodini.

Kwa hiyo mtoto wa kike akapewa kazi ya kumpelekea baba yake habari za korodani. Truphosa alimkuta kwenye benchi, lilelile, kofia imekaa magotini. Akakaa kando yake, wote wakitazama mbele, akamwambia yote. Hakuficha shingo. Hakuficha labda. Alitumia maneno ya darasani, ya wazi, kwa kuwa alijua akianza kutafuta maneno laini atashindwa kumaliza.

Mzee alisikiliza. Alipoona amemaliza aliuliza jambo moja.

"Huu si wa wanawake?"

"Hapana, baba. Hauhusiani kabisa."

"Daktari amesema hivyo kwa mdomo wake?"

"Nairobi ndio wamesema. Imeandikwa."

Alifumba macho. Truphosa alimgeukia akidhani anazimia, akaona baba yake anatabasamu, na alikuwa hajamwona akitabasamu tangu masika. Alitaka kumtikisa mabega. Alitaka kumwuliza kama amesikia hayo mengine. Lakini alikuwa amesikia, kwa sababu aliinuka, akavaa kofia, akasimama kwenye mlango wa dresa, ambao ulikuwa wazi kama kawaida. "Mwambie daktari nimetajiwa jina," akamwambia Khisa kwa lugha yao, kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa. "Ni kansa. Alhamisi akate."

Khisa akainamisha macho kwenye daftari lake. Benchi lilinyamaza, lakini Truphosa hakupata furaha yoyote kwa hilo.

Nyumbani Nekoye alikuwa anachambua mboga. Mzee alipita moja kwa moja mpaka kitandani, akalala chali na viatu vyake, amechoka. Truphosa ndiye aliyebaki kusimama mbele ya mama yake. Akamwambia kwamba jibu limetoka, ni ugonjwa unaoitwa kansa, unamtokea mtu hata kama hajawahi kutoka nje ya nyumba yake, na hakuna mwanamke aliyempa.

Nekoye aliacha mboga. Midomo yake ilitembea kidogo bila sauti, namna ya kuomba ya watu wa kanisa lake. "Kansa," akajaribu neno. Hakuwa amepata kulisikia. "Na inaambukiza?"

"Haiambukizi, mama."

"Asante Mungu. Kumbe ni hiyo tu."

Truphosa alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, kwamba hiyo huua, na yeye ndiye mtu wa kulisema, maana siku ile hakuna aliyebaki wa kulisema ila yeye. Lakini mama yake alikuwa amekwisha inuka. Alipangusa mikono kwenye leso, akalichukua blanketi, akalikunja vizuri pande nne, akapita nalo kwenye pazia. Ilikuwa bado mchana. Truphosa alimsikia akimwambia mzee asogee, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali wa zamani wa mke. Na mzee, ambaye siku hizo ubavu wote wa chini ulikuwa unamuuma hata shuka likimgusa, akasogea.